Ndani: Madrasa ya Wanawake wa Amu

Mgeni aliyebahatika kukaribishwa katika nyumba kongwe ya mawe mjini Amu (Lamu), mojawapo ya zile zilizojengwa kwa matumbawe na chokaa katika karne ya 18, hukuta kwanza daka na mabaraza yake, kisha tekani, ukumbi mdogo wa kuingilia uliopindishwa makusudi ili jicho la mpita njia lisifike kiwandani, yaani uani, na baada ya hapo msana wa tini na msana wa yuu, vyumba virefu vyembamba, kwani boriti za mikoko hazikuruhusu upana wa kupita mita 3 hivi. Hata akafikia ndani, chumba cha mwisho cha wenyewe, ambako ukuta mzima umepambwa kwa zidaka, vishubaka vya chokaa.

Uzuri wa zidaka umekwisha kusifiwa sana. Mimi nawakumbuka wanawake waliokaa mbele yake. Kwa ada ya waungwana, binti alipoolewa alipewa na babake nyumba, au orofa juu ya nyumba, na bwana arusi ndiye aliyehamia. Na jamaa wakitenganishwa na kichochoro, hujengwa wikio, yaani daraja, juu yake, wanawake wakapita bila ya kushuka njiani. Hivyo bibi, mama na mjukuu hawakuachana, wala ilimu yao haikukatika: kutengeneza singo, kumkanda mzazi, kumwosha maiti katika nyumba ya kati, kusuka ukili. Miyaa isipolingana, ukili hupinda. Bibi huufumua wote, akaurejesha mikononi mwa mtoto bila ya kunena neno. Na yaliyohitaji kunenwa yalipata utungo: mwaka 1858 Mwana Kupona binti Msham, hali mgonjwa, alimtungia bintiye Mwana Hashima utendi wa wasia ambao umehifadhiwa vifuani mpaka leo.

Lakini insafu yanilazimu kusema kwamba stara hiyo ya wanawake wa waungwana ilibebwa na wajakazi, mpaka utumwa ulipofutwa kisheria pwani ya Kenya mwaka 1907. Wao pia walikuwa na maarifa, ya dawa, ya mapishi, ya ngoma na ya malezi, na mahali pao palikuwa tini, au juu kabisa katika kidari cha meko, yaani jiko la darini, penye moshi na jua.

Kwa hiyo anayetaka leo kuwajengea wanawake nyumba ya kurithishana ujuzi wao, namsihi asianze na ukumbi mpana wenye viti vilivyopangwa safu. Achukue kina cha ndani, achukue wikio, kisha akishushe kidari cha meko, meko yawekwe mkabala na zidaka.