Kutoka Mto Hadi Debe: Historia Fupi ya Kipimo cha Maji Yaendayo

Katika kitabu hiki cha ukumbusho wa miaka kumi ya Chama Kikuu chetu, wenzetu wameeleza habari za mazao, mikopo na maghala. Sisi tumeona vema tueleze jambo linalowahusu wote walimao kwa mfereji, nalo ni kipimo cha maji yaendayo. Maana ugomvi wa maji hauletwi na uchache wa maji peke yake. Mara nyingi huzuka kwa sababu kibali husema kwa hesabu za mto, na mkulima hufikiri kwa hesabu za debe.

Johannes Rebmann alipofika Uchagani mwaka 1848, wazee wa Kilimanjaro walikuwa wamekwisha chimba mifongo yao zamani. Maji waliyagawa kwa wakati: huyu toka alfajiri hata adhuhuri, yule toka adhuhuri hata jioni, na maji ya usiku yakakusanywa bwawani. Ulikuwa utaratibu wa haki, kwa kuwa kila mtu aliijua zamu yake na jirani aliishuhudia. Lakini zamu ya saa sita wakati wa masika si sawa na zamu ya saa sita wakati wa kiangazi. Saa ni zile zile; maji si yale yale.

Mbali na hapa, Warumi wa kale walielemea upande wa pili. Wao waligawa maji ya mji wao kwa ukubwa wa bomba, wasipime mwendo wake. Mwaka 97 Sextus Julius Frontinus alipewa usimamizi wa maji ya Roma. Alipolinganisha vitabu vya serikali na vipimo alivyochukua mwenyewe, akakuta hesabu hazipatani, na tena akagundua udanganyifu wa mafundi. Alitambua kwamba maji yaendayo kasi hupita mengi zaidi katika tundu lile lile, lakini hakuwa na njia ya kuyahesabu. Kanuni iliyo wazi ilikuja kuchapishwa mwaka 1628 na Mwitalia Benedetto Castelli: pima upana wa mkondo, pima kina chake, kisha zidisha kwa mwendo wa maji.

Kanuni ilikuwa moja, lakini vipimo vilikuwa vingi. Ufaransa ilitoa sheria ya mita na lita mwaka 1795. Uingereza nayo, mwaka 1824, ilitunga galoni iliyo sawa na maji yenye uzito wa ratili 10. Ndiyo galoni ya debe letu la mafuta ya taa, debe la galoni 4. Mito, wahandisi wa Kiingereza waliipima kwa futi za ujazo kwa sekunde, wakakiita kipimo hicho kyuseki. Kwa hiyo katika karatasi za zamani mtu huweza kukuta galoni na kyuseki, na katika karatasi za leo akakuta lita na mita za ujazo.

Basi na tuvipatanishe. Mita 1 ya ujazo kwa sekunde ni lita 1,000 kwa sekunde. Kyuseki 1 ni lita 28.3 kwa sekunde. Lita 1 kwa sekunde ni lita 60 kwa dakika, lita 3,600 kwa saa, na lita 86,400 kwa usiku na mchana. Kyuseki 1 ikiingizwa katika eka 1 kwa muda wa saa moja, hulifunika shamba kwa kina cha inchi 1 hivi.

Tuchukue mfano. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 yadai kibali kwa mfereji wa umwagiliaji. Tuseme kibali kimeandikwa mita za ujazo 0.03 kwa sekunde. Tarakimu hiyo yaonekana kama si kitu. Kumbe ni lita 30 kwa sekunde, yaani lita 108,000 kwa saa. Nukta ikisogea nafasi moja tu, lita 30 huwa 3 au huwa 300, na kijiji kizima hugombana kwa ajili ya alama ndogo kuliko punje ya mtama.

Wakulima sita wakigawana lita hizo 30 kwa pamoja, kila mmoja apata lita 5 kwa sekunde. Ndoo ya lita 20 ikitegwa pale maji yaangukapo yote ndani yake, yapasa kujaa kwa sekunde 4. Ikijaa kwa sekunde 8, mkulima huyo amepata nusu ya haki yake. Na mfereji mkuu waweza kupimwa kwa kijiti. Ukiwa na upana wa mita 0.5 na kina cha mita 0.2, na kijiti kikaelea mita 10 kwa sekunde 25, hesabu yatoa lita 40 kwa sekunde. Lakini maji ya juu huenda mbio kuliko ya chini. Hivyo tuchukue sehemu 8 katika 10, tubaki na lita 32.

Ndugu wanachama, mkulima huuamini mzani wa ghala kwa sababu ausoma kwa macho yake. Na maji yawe vivyo hivyo. Twapendekeza kila chama cha msingi kibandike ubaoni tarakimu tatu: kiasi cha kibali kwa mita za ujazo, kiasi hicho kwa lita, na sekunde za kujaza ndoo katika zamu ya mwanachama. Hapo mwenye shamba la mwisho, aliye chini kabisa ya mfereji, hatahitaji kubembeleza wala kutukana. Atachukua ndoo yake na saa yake, naye karani atamjibu kwa hesabu.