George Boole: Mtoto wa fundi viatu aliyetuachia "kweli" na "si kweli"

Leo sina programu mpya ya kuwaonyesha wala mbinu ya kufufua kompyuta iliyoganda. Nataka tuongee historia kidogo, historia ya neno moja ambalo mimi huliandika karibu kila siku kazini: bool. Amelipa? Kweli au si kweli. Nambari ya siri ni sahihi? Kweli au si kweli. Hakuna jibu la tatu.

Kwa miaka mingi nilidhani neno hilo ni kifupi cha jambo fulani la kiufundi. Kumbe ni jina la mtu! Nilimjua baada ya mahojiano ya kazi yaliyokwisha kabla hayajaanza. Mwenye kunihoji alifungua faili yangu, akatafuta shahada ya chuo kikuu, hakuiona, akaifunga. Programu nilizoandika hakuziulizia. Jioni hiyo, nikiwa na hasira zangu, nilianza kusoma habari za watu waliojenga fani hii yetu, nikakutana na George Boole. Naye hakuwa na shahada.

Boole alizaliwa tarehe 2 Novemba 1815 mjini Lincoln, Uingereza. Baba yake alikuwa fundi viatu, lakini moyo wake ulikuwa kwenye hisabati na darubini kuliko kwenye viatu. Unaweza kukisia biashara ilikwendaje. Shule aliyosoma George ilikuwa ya kawaida tu. Kilatini alianzishiwa na muuza vitabu wa pale mjini, Kigiriki akajifundisha mwenyewe. Alipokuwa na miaka 14 alitafsiri shairi la Kigiriki, baba yake kwa fahari akalipeleka gazetini. Mwalimu mmoja akapinga hadharani: haiwezekani mtoto wa umri huo awe ameandika kitu kama hiki! Unaona? Tabia ya kumwangalia mtu kabla ya kuangalia kazi yake haikuanza jana.

Biashara ya baba ilipoanguka, George akiwa na miaka 16 tu ikambidi aende mji wa Doncaster kuwa mwalimu msaidizi, ili wazazi na wadogo zake watatu wapate kula. Alipofika miaka 19 akafungua shule yake mwenyewe Lincoln. Mchana anafundisha, usiku anasoma. Inasimuliwa kwamba alipenda kununua vitabu vya hisabati kwa sababu ya uchumi: kimoja kinachukua muda mrefu kukimaliza, kwa hiyo pesa yako inakwenda mbali. Akawasoma Newton, Lagrange na Laplace bila mwalimu wa kumshika mkono.

Kisha alianza kuchapisha makala katika jarida la hisabati la Cambridge, lililohaririwa na Duncan Gregory. Wazo la kwenda kusoma Cambridge lilikuwepo, lakini nani angewalisha wazazi? Akabaki na shule yake. Mwaka 1844 makala yake moja ikapata nishani ya dhahabu ya Royal Society, jumuiya kuu ya wanasayansi ya Uingereza. Mwalimu wa shule ya mtaani, msomaji!

Mwaka 1847 akatoa kitabu kidogo kuhusu mantiki, na mwaka 1854 kile kikubwa kiitwacho The Laws of Thought. Hapa ndipo penye utamu, kwa hiyo tulia kidogo tufuatane.

Tangu enzi za Aristotle, mantiki ilikuwa kazi ya wanafalsafa, ya maneno matupu. Boole akauliza: je, fikra zinaweza kukokotolewa kama hesabu? Chukua herufi x iwe vitu vyote vyeupe, na y iwe mbuzi wote. Basi xy ni mbuzi weupe. Sasa xx ni nini? Ni vitu vyeupe ambavyo ni vyeupe, yaani vilevile vyeupe. Kwa hiyo xx = x. Ukirudi kwenye hesabu za kawaida na kuuliza ni namba gani ukiizidisha kwa yenyewe haibadiliki, utapata mbili tu: 0 na 1. Boole akaipa 0 maana ya "hakuna kitu" na 1 maana ya "kila kitu". Vitu visivyo vyeupe vikawa 1 − x. Kisha x(1 − x) = 0, maana yake hakuna kitu kilicho cheupe na kisicho cheupe kwa wakati mmoja. Kanuni ya kale ya wanafalsafa ikageuka mlinganyo wa mstari mmoja!

Unataka mfano wa leo? Ukituma pesa kwa simu, mtambo unauliza: nambari ya siri ni sahihi NA salio linatosha? Kama yote ni kweli, 1 mara 1 ni 1, pesa inaondoka. Kama moja si kweli, 1 mara 0 ni 0, unarudishiwa ujumbe wa kukataliwa. Ile "NA" ni kuzidisha tu.

Turudi kwenye maisha yake. Mwaka 1849 Boole aliteuliwa profesa wa kwanza wa hisabati katika chuo kipya cha Queen's College mjini Cork, Ireland, nchi iliyokuwa chini ya Uingereza na bado kwenye makali ya njaa kubwa. Hakuwa na shahada hata moja. Alichokuwa nacho ni makala zilizochapishwa, nishani, na barua za wanahisabati wenye jina kama Augustus De Morgan, waliozisoma kazi zake na kumdhamini. Shahada zilikuja baadaye, za heshima, kutoka Dublin na Oxford.

Mwaka 1855 alimwoa Mary Everest, mpwa wa yule Everest ambaye mlima umepewa jina lake. Wakapata mabinti watano. Mwishoni mwa Novemba 1864 Boole alitembea maili kama tatu kwenye mvua kubwa kwenda chuoni, akafundisha na nguo zikiwa mbichi. Mapafu yakashikwa. Akafariki tarehe 8 Desemba 1864 akiwa na miaka 49, binti yake mdogo hajafikisha hata mwaka.

Alikufa bila kujua kazi yake ingefaa nini. Ilikuwa mwaka 1937 ambapo kijana wa Kimarekani, Claude Shannon, aliyeisoma aljebra ya Boole katika somo la falsafa, alionyesha katika tasnifu yake huko MIT kwamba swichi za umeme zinaitii. Swichi mbili zikifuatana kwenye waya mmoja ni NA. Zikiwa sambamba ni AU. Kuanzia hapo ukawa na njia ya kuufanya umeme "ufikiri", na kompyuta zetu zote zimepita humo. Na damu nayo haikupotea: Geoffrey Hinton, mmoja wa waanzilishi wa akili bandia ya leo na mshindi wa Nobeli ya fizikia ya mwaka 2024, ni kilembwe wa Boole.

Sasa, nisieleweke vibaya. Sisemi vijana waache chuo. Boole mwenyewe angeupata mlango wa Cambridge wazi, nadhani angeingia mbio. Nilichojifunza ni kingine: hakuingia Cork kwa kulalamika kwamba hana karatasi. Aliingia kwa sababu kazi yake ilikuwa nje, imechapishwa, kila mwenye macho anaisoma. Tangu siku ile ya mahojiano nimeacha kuficha programu zangu kwenye kompyuta yangu. Naziweka wazi, watu wazikosoe.

Je, kazi yako wewe iko wapi?

Tukutane wakati mwingine.