Kura sita, hesabu mbili: Mpwani aelewe kabla ya Agosti 2027

Kwa mujibu wa Katiba ya 2010, uchaguzi mkuu ujao nchini Kenya utafanyika Jumanne ya pili ya Agosti 2027, yaani tarehe 10. Kila mpiga kura atapewa karatasi sita: ya rais, gavana, seneta, mwakilishi wa wanawake, mbunge na MCA. Wengi hudhani washindi wote hupatikana kwa njia moja. Sivyo.

Katika viti vitano vya chini, anayepata kura nyingi kuliko wenzake ndiye mshindi, hata akiwa na theluthi moja tu. Hakuna duru ya pili. Wagombea wakiwa wengi Kilifi au Kwale, gavana anaweza kuingia afisini ilhali wengi waliojitokeza hawakumchagua.

Rais ana vizingiti viwili. Lazima apate zaidi ya nusu ya kura halali, na angalau asilimia 25 katika kaunti zisizopungua 24 kati ya 47. Asipopatikana mshindi, wawili wanaoongoza hurudi debeni ndani ya siku 30. Katika kizingiti cha pili, Lamu, iliyokuwa na wapiga kura 80,000 na kidogo mwaka 2022, ni kaunti moja sawa na Nairobi yenye zaidi ya milioni 2.4. Kaunti sita za Pwani ni robo ya zile 24.

Neno "halali" lina uzito. Mahakama ya Juu iliamua 2013 kwamba kura zilizokataliwa haziingii kwenye hesabu ya asilimia. Mwaka 2022 William Ruto alivuka nusu kwa takriban kura 70,000. Kura za urais zilizokataliwa zilikuwa zaidi ya 113,000. Wenye kura hizo walipanga foleni kama wengine, wakarudi nyumbani wakidhani wamechagua rais.

Hukataliwa karatasi yenye alama kwa wagombea wawili, isiyo na alama, au iliyoandikwa jina la mpiga kura. Ukikosea, usiitumbukize debeni. Mrudishie msimamizi wa kituo akupe nyingine. Asiyeona au asiyejua kusoma anaruhusiwa kuingia na mtu anayemwamini. Asipokuwa naye, msimamizi humsaidia mbele ya mawakala. Vituo hufungwa saa kumi na moja jioni, lakini aliye kwenye foleni saa hiyo ana haki ya kupiga kura.

Kura huhesabiwa papo hapo kituoni. Matokeo ya urais huandikwa kwenye Fomu 34A na nakala yake kubandikwa mlangoni. Mahakama ya Rufaa ilisema 2017 kwamba matokeo ya kituoni ndiyo ya mwisho. Mwaka 2022 IEBC iliweka fomu hizo mtandaoni, hivyo aliyepiga picha ya fomu ya kituo chake Faza au Mariakani aliweza kulinganisha mwenyewe.

Asiyeridhika na matokeo ya urais ana siku 7 za kwenda Mahakama ya Juu, nayo huamua ndani ya siku 14. Ndivyo uchaguzi wa Agosti 2017 ulivyofutwa Septemba 1.