Kadi ya kijani na kadi nyekundu: watu walichaguaje wakati chama kilikuwa kimoja

Wazee wa Kivu ambao mwaka 1970 walikuwa tayari watu wazima wanaukumbuka uchaguzi ule kwa rangi. Kadi ya kijani ilikuwa ya kusema ndiyo kwa Mobutu, na serikali ilieleza kuwa hiyo ni rangi ya matumaini. Nyekundu ilikuwa ya kusema hapana, na ikaitwa rangi ya fujo. Mgombea alikuwa mmoja tu. Kura haikuwa ya siri, na kubaki nyumbani hakukuwa njia ya kujificha, kwa sababu kupiga kura kulikuwa lazima.

Matokeo yalipotangazwa, ndiyo zilikuwa zaidi ya milioni 10. Hapana zilikuwa 157. Ni kwa nchi nzima, kutoka Matadi mpaka Bukavu. Watu 157 hawajazi hata meli moja ya Goma kwenda Bukavu. Tena, kwa hesabu ya serikali yenyewe, kura zilizopigwa zilikuwa nyingi kuliko watu walioandikishwa.

Vijana wa leo wakisikia habari hii hucheka, na wengine huwalaumu wazazi wao: mbona hamkukataa? Lakini ni lazima kuangalia mtu wa wakati ule alikuwa anapima nini mkononi. Chama cha MPR kilizaliwa mwaka 1967. Katiba ya mwaka uleule ilikuwa bado inaruhusu vyama viwili, lakini mwisho wa 1970 MPR kikabaki peke yake. Baadaye ikatangazwa kwamba kila Mzaire ni mwanachama tangu kuzaliwa, na watu wakawa wanasema: utake usitake, uko ndani ya MPR. Gavana ndiye alikuwa mkuu wa chama katika jimbo, na ilikuwa hivyohivyo kushuka mpaka chini. Maana yake, mtu aliyekuona unashika kadi nyekundu ndiye huyohuyo utakayempelekea kesi ya shamba kesho, na ndiye anayekuandikia karatasi mtoto akitaka kwenda masomo mjini. Baba mwenye watoto sita hakuwa anachagua rais siku ile. Alikuwa anachagua kama ataendelea kuishi kwa amani katika kijiji chake.

Mwaka 1975 hata kadi ziliondolewa. Majina ya wabunge yalisomwa mbele ya watu waliokusanyika, watu wakapiga makofi, na makofi yakahesabiwa kuwa kura.

Mambo yalibadilika kidogo mwaka 1977. Vita vya kwanza vya Shaba vilikuwa vimemtikisa Mobutu, na nchi za nje zilizomsaidia zilitaka kuona mageuzi. Katika uchaguzi wa wabunge wa mwaka ule, chama kilibaki kimoja, lakini kiti kimoja kiliweza kugombewa na watu kadhaa, wote wa MPR. Hapo mpigakura alipata swali jipya. Wote wana chama kimoja, wote wanaimba wimbo mmoja na kuvaa kitambaa chenye picha ileile. Sasa nimchague nani?

Ilibaki kumwangalia mtu mwenyewe. Nani anarudi kwao wakati wa msiba? Nani alipata kazi Kinshasa na hakuonekana tena? Wengine walichagua kwa kabila, na ubaya huo haukuisha na Mobutu. Wapo wabunge waliozoea viti vyao na wakavipoteza, jambo ambalo mwaka 1975 halikuwezekana.

Je, ilisaidia kitu? Bunge lililotoka katika uchaguzi ule lilianza kuwaita mawaziri na kuwauliza pesa za serikali zimekwenda wapi. Mobutu hakulipenda jambo hilo, na mwaka 1980 akapunguza nguvu ya wabunge ya kuwahoji mawaziri. Mwezi wa 11 mwaka huohuo wabunge 13, Étienne Tshisekedi akiwa mmoja wao, walimwandikia barua ndefu wakieleza ubaya wa utawala wake. Walikamatwa, wakafukuzwa bungeni. Lakini kutoka katika kundi hilo kikazaliwa chama cha UDPS mwaka 1982, wakati sheria ilikuwa bado inakataza chama cha pili. Watu hao walitoka ndani ya MPR yenyewe. Aliyesema mwaka 1977 kwamba wagombea wote ni sawa, alikosea.

Kadi nyekundu haikupata nguvu hata hivyo. Mwaka 1984 Mobutu alikuwa tena mgombea pekee, na akatangaziwa zaidi ya asilimia 99. Miaka sita baadaye, tarehe 24 mwezi wa 4 mwaka 1990, akasimama N'sele na kutangaza mwisho wa chama kimoja, huku akilia machozi mbele ya kamera. Zile asilimia 99 hazikujitokeza kumtetea.

Mazoea ya kumfuata mmoja hayakuisha siku ile. Katika uchaguzi wa 2006, Kivu ya Kusini ilimpa Joseph Kabila zaidi ya kura 9 katika kila kura 10, na safari hii hakuna aliyelazimishwa na kadi. Watu walikuwa wamechoka na vita, na walimwona kama mtu aliyevisimamisha. Mbele ya wimbi kama hilo, mwenye mawazo tofauti huuliza kama kura yake ina faida. Tena sheria imeongeza hesabu nyingine: tangu 2017, orodha ambayo haikufikisha asilimia 1 ya kura za nchi nzima haipati kiti cha mbunge wa taifa, hata mgombea wake akiwa amepigiwa sana kwao. Kwa hiyo mtu mwema katika chama kidogo anaweza kushinda katika mioyo ya wilaya yake na kubaki nje. Ndiyo maana wagombea wengi hukimbilia orodha za vyama vikubwa, na mpigakura hujikuta tena mahali pa mwaka 1977, akitafuta mtu ndani ya chama.

Hata hivyo, thamani ya kura ilionekana Beni tarehe 30 mwezi wa 12 mwaka 2018. Uchaguzi ulikuwa umeahirishwa Beni na Butembo, kwa sababu zilizotajwa za Ebola na usalama, na rais angetangazwa bila wao. Watu wa Beni walipanga mistari wenyewe, wakanawa mikono, wakapiga kura ambayo walijua kabisa haitahesabiwa.

Mwezi wa 12 mwaka 2023 ilikuwa zamu ya Masisi na Rutshuru kukosa uchaguzi kwa sababu ya vita. Wengi wa watu wa huko walikuwa kambini, chini ya maturubai kando ya Goma. Kadi ya mpigakura katika nchi hii ndiyo inatumika pia kama kitambulisho, na waliowahi kuipata walikimbia nayo. Waliionyesha kwenye vizuizi vya barabarani na walipoulizwa wametoka wapi.