Kuota Moto, Kuota Ndoto

Kiswahili kinatupa kitenzi kimoja kwa mambo mawili: tunaota moto na tunaota ndoto. Wataalamu wa asili ya maneno wanaweza kuniambia kwamba ni maneno mawili yaliyofanana kwa bahati tu, na sitabishana nao. Ila kila nikisoma historia ya binadamu na moto, naona mambo haya mawili yamekaa pamoja muda mrefu sana.

Swali lenyewe ni hili: kwa nini tukikaa kuzunguka moto tunatulia? Hata mtu aliyetoka kugombana na nduguye, msogezee kigoda motoni, baada ya muda utamkuta anachokonoa makaa kwa kijiti, kanyamaza zake.

Jibu la haraka ni joto. Lakini halitoshi. Mwaka 2014 Christopher Lynn wa Chuo Kikuu cha Alabama, Marekani, alichapisha utafiti ambao watu zaidi ya 200 walitazama moto kwenye skrini. Shinikizo la damu lilishuka, hasa kwa waliotazama kwa muda mrefu huku wakisikia sauti ya kuni zinazopasuka. Moto wa video! Hauna joto lolote, na bado mwili unalegea. Basi kuna kitu kingine ambacho mwili unakikumbuka.

Kumbukumbu hiyo ina umri gani? Katika pango la Wonderwerk, Afrika Kusini, watafiti walieleza mwaka 2012 kwamba wamekuta majivu ya mimea na mifupa iliyoungua kwenye tabaka lenye umri wa miaka kama milioni 1. Mabaki hayo yako karibu meta 30 ndani ya pango, mahali ambapo radi haiwezi kufika. Kuna aliyeuingiza moto ule, au aliyeuwasha palepale. Na huyo hakuwa binadamu kama sisi, maana sisi tumetokea miaka kama 300,000 iliyopita. Yaani moto tumeukuta. Umri wake ni mkubwa kuliko wetu.

Tunajua faida zake za kawaida: chakula kilaini, simba akae mbali, baridi ipungue. Mimi nadhani faida kubwa zaidi ilikuwa muda. Kwetu karibu na ikweta jua linazama kwenye saa kumi na mbili jioni mwaka mzima, na hakuna mtu mzima anayehitaji usingizi wa saa kumi na mbili. Zinabaki saa tatu, nne, za kuwa macho gizani. Moto ulizikomboa saa hizo, lakini kwa mwanga hafifu. Kwa mwanga ule huwezi kupalilia, wala kufuata nyayo za mnyama. Unachoona vizuri ni nyuso za watu. Binadamu akajikuta na muda ambao haufai kwa kazi nyingi, na wenzake wako mbele yake.

Akaufanyia nini? Mwanaanthropolojia Polly Wiessner aliwahi kurekodi mazungumzo ya Ju/'hoansi, jamii ya wawindaji na wakusanyaji wa jangwa la Kalahari, miaka ya 1970, na kuyachambua katika makala ya mwaka 2014. Mchana, asilimia 34 ya mazungumzo yalikuwa malalamiko na kusemana, na asilimia 31 mambo ya riziki. Hadithi zilikuwa asilimia 6 tu. Usiku motoni mambo yakageuka: asilimia 81 hadithi, na malalamiko yakashuka hadi asilimia 7. Watu walewale, midomo ileile! Walisimulia habari za ndoa, za ndugu walio mbali, za wazee waliokwisha kufa. Kijana aliweza kumfahamu mtu wa kambi nyingine asiyewahi kuonana naye.

Kwetu, moto wa namna hii uliwahi kusafiri. Karne ya 19 wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, walitembea kati ya Bagamoyo, Tabora na Ujiji na mizigo ya kama frasila mbili, karibu kilo 32, mabegani. Jioni msafara ukitua, watu waligawanyika vikundi vikundi, kila kikundi na chungu chake na moto wake. Richard Burton, aliyepita njia hiyo kuanzia mwaka 1857 na ambaye kalamu yake ilijaa dharau kwa Waafrika, hakuweza kuziacha nyimbo na ngoma za kambini usiku bila kuziandika. Wanahistoria wanaufungamanisha utani wa makabila yetu mengi na safari hizo, na Kiswahili nacho kilipanda bara kwa njia hiyohiyo. Nikijaribu kufikiri ni saa ngapi mpagazi alipata nafasi ya kumtania mwenzake wa kabila jingine, sioni kama ni mchana, mzigo ukiwa begani. Ni usiku, miguu imenyooshwa kuelekea motoni.

Usukumani mahali hapo pana jina: shikome, moto wa jioni ambapo wanaume walikula, wazee wakazungumza na vijana wakasikiliza. Kenya, Ngũgĩ wa Thiong'o alieleza katika Decolonising the Mind, kitabu cha 1986, jinsi jioni za utotoni mwake zilivyokuwa za hadithi za Kigikuyu kando ya moto. Kesho yake watoto walizirudia hadithi hizo kwa wenzao wakichuma pareto, chai na kahawa kwenye mashamba ya wenye ardhi. Hapo ndipo alipoipata lugha, kabla shule ya kikoloni haijaja kumwambia kwamba lugha hiyo ni aibu. Mwandishi mkubwa kiasi hicho, na darasa lake la kwanza lilikuwa na kuni tu.

Sasa tusidanganyane. Moto una bili yake, na aliyelipa mara nyingi siye aliyeota. Chakula cha shikome kiliivia kwenye moto mwingine, wa jikoni, wenye moshi na mwanamke aliyeinama. Niliwahi kwenda kijijini kuandika habari za kuni, nikamuuliza mama mmoja kama atakumbuka moto wake akipata jiko la gesi. Alicheka mpaka akashika kiuno.

"Mwanangu, wewe ndiye unaota moto. Mimi naupikia."

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba moshi wa majumbani unaua watu kama milioni 3 kila mwaka duniani. Tanzania imejiwekea lengo la asilimia 80 ya wananchi kutumia nishati safi ya kupikia ifikapo 2034. Sina machozi ya kulilia mafiga. Lengo hilo likitimia, nitashangilia.

Ninachokihofia ni ile saa. Moto ulikuwa mwanga mbaya kwa kazi, na uzuri wake ulikuwa hapo. Mwanga tulionao leo unafaa kwa kila kazi. Saa tatu usiku mhariri ananitumia ujumbe, nami najibu, kwa sababu naona vizuri. Mchana wa Ju/'hoansi, ule wa riziki na kusemana, sasa unafika mpaka kitandani. Tena kusemana ndiko kumejaa zaidi.

Hadithi haikuhitaji kuni zenyewe. Ilihitaji watu wasio na la kufanya, waliokaa duara, ambao macho yao yana pa kutua mtu anaposita katikati ya maneno. Hayo tunaweza kuyapanga hata sebuleni, gesi ikiwa imezimwa na simu zimewekwa kabatini. Ila inabidi tuyapange wenyewe. Zamani giza lilitupangia.