Tega, nimetega

Fanani akisema "Kitendawili!" hadhira hujibu "Tega!" Naye hutega: nyumba yangu haina mlango. Wakishindwa kusema "yai", itabidi wampe mji kwanza.

Kwa nini "tega" na si "uliza"? Mzizi wa neno hili ni -teg-, ule ule wa mtego wa panya. Mtegaji hufunika kamba kwa majani mnyama asiione, mwenye kitendawili hufunika yai kwa nyumba. Sitiari imo ndani ya kitenzi chenyewe, kabla hata fumbo halijatamkwa.

Anayepata jibu amekitegua. Hiyo u iliyoingia katikati hupindua tendo: funga, fungua, ziba, zibua, kunja, kunjua. Kwa hiyo bomu nalo hutegwa, kisha wataalamu hulitegua. Kifundo cha mguu ndicho kinachonichekesha, maana huteguka ingawa hakuna aliyewahi kukitega.

Tunatega sikio pia, tukingoja neno lipite tulinase. Ila anayenivutia zaidi ni mtegeaji wa kazini. Ametokana na kauli ya kutendea, tegea, na kila ofisi inaye: mkubwa akiingia ameshika faili, mkubwa akitoka faili liko mezani na yeye yuko kwa mama ntilie.