Nyumba Iliyo Rehani: Haki za Mmiliki Kabla na Baada ya Mnada

Sheria ya Ardhi, Sura ya 113, inairuhusu benki kuuza nyumba iliyowekwa rehani bila kwanza kupata amri ya mahakama, endapo mkopaji ameshindwa kulipa. Jambo hili huwashangaza wananchi wengi wanaodhani kuwa nyumba haiuzwi mpaka hakimu aamuru. Hata hivyo, mamlaka hayo yamefungwa kwa masharti, na benki inayoyaruka hufanya mauzo yanayoweza kupingwa. Kwa mwenye nyumba, jambo kubwa ni wakati: sehemu kubwa ya kinga aliyopewa na sheria hufanya kazi kabla nyumba haijapigwa mnada, na hupungua sana baada ya hapo.

Sharti la kwanza ni notisi. Kifungu cha 127, kama kilivyorekebishwa mwaka 2008 na sheria ya masharti maalum kuhusu mikopo ya nyumba, kinaitaka benki impe mweka rehani notisi ya maandishi. Notisi hiyo ieleze ni sharti gani limevunjwa na kwa kiasi gani, hatua zinazotakiwa ili kurekebisha hali hiyo, na kwamba benki inaweza kuchukua hatua dhidi ya ardhi iliyowekwa rehani. Ieleze pia kuwa siku 60 zikipita tangu ilipopokelewa, deni lote litadaiwa kwa pamoja. Siku hizo huhesabiwa tangu notisi ilipopokelewa, wala si tangu tarehe iliyoandikwa juu ya barua. Ndiyo maana mwananchi anayepokea barua ya benki anashauriwa kuandika tarehe ya kuipokea na kuitunza pamoja na bahasha yake. Barua ya kukumbusha rejesho, isiyo na maelezo hayo, haitoshi.

Notisi humhusu aliyeweka rehani, hata kama fedha hakuzitumia yeye. Wapo wazazi na ndugu waliotoa hati ya nyumba kudhamini biashara ya mwingine, nao hugundua tatizo siku dalali anapobandika tangazo mlangoni.

Kuhusu nyumba ya ndoa, rehani huwa halali pale tu ambapo mwenza, au wenza wote kwa aliyeoa mke zaidi ya mmoja, wametia saini au kuna ushahidi kwamba waliridhia. Sheria imeitwika benki wajibu wa kuchukua hatua za kuridhisha kujua kama mwombaji ana mwenza, nayo imemtaka mwombaji kusema kweli. Anayetoa kiapo cha uongo kwamba hana mke au mume anatenda kosa la jinai. Kwa hiyo mke ambaye hakushirikishwa anaweza kuipinga rehani yenyewe, na si mnada peke yake. Lakini ikithibitika kuwa benki ilifanya uchunguzi wa kutosha na mume akaidanganya kwa kiapo, shauri lake huwa gumu zaidi.

Nyumba ikiuzwa kwa mnada, Sheria ya Madalali, Sura ya 227, inataka tangazo la hadhara la siku zisizopungua 14, katika mji mkuu wa wilaya ilipo ardhi na mahali mnada utakapofanyika. Tangazo hilo liwe pia kwa Kiswahili. Mnada uliofanyika siku chache tu baada ya tangazo una kasoro ya wazi.

Bei nayo ina kipimo chake. Kifungu cha 133 kinaitaka benki kuchukua tahadhari zote za kuridhisha ili kupata bei bora inayoweza kupatikana wakati wa mauzo. Nyumba ikiuzwa kwa bei iliyo chini ya wastani wa soko kwa asilimia 25 au zaidi, sheria inachukulia kuwa benki imekiuka wajibu huo, mpaka benki ithibitishe vinginevyo, na mmiliki anaweza kuiomba mahakama ibatilishe mauzo. Kwa mfano, kama nyumba za aina hiyo mtaani huuzwa kwa Shilingi milioni 80, dhana hiyo inaanza pale bei inapokuwa milioni 60 au chini. Kuuza kwa milioni 65 hakuiondolei benki wajibu wake, ila hapo mmiliki ndiye atakayebeba mzigo wa kuthibitisha. Ripoti ya mthamini aliyesajiliwa, iliyopatikana kabla ya mnada, ina uzito kuliko makadirio ya majirani.

Mambo hubadilika mnunuzi anapoingia. Kifungu cha 135 kinamlinda aliyenunua kwa nia njema, naye halazimiki kuchunguza kama notisi ilitolewa. Kinga hiyo haimfikii aliyeshiriki udanganyifu au aliyejua kasoro. Penye mnunuzi safi, aliyeuziwa nyumba isivyo halali hubaki na haki ya kudai fidia kwa aliyetumia vibaya mamlaka ya kuuza, na nyumba yenyewe inaweza isirudi.

Kwa sababu hiyo, malalamiko yapelekwe mapema, kwa maandishi, kwanza kwa benki husika, kisha Benki Kuu ya Tanzania ikiwa hakuna ufumbuzi. Malalamiko hayo peke yake hayasimamishi mnada. Kinachousimamisha ni zuio la muda la chombo chenye mamlaka, nalo hutolewa kwa vigezo vinavyofuatwa tangu uamuzi wa Mahakama Kuu wa mwaka 1969: kuwepo hoja nzito ya kisheria, madhara yasiyofidika, na kulinganisha ni upande upi utaumia zaidi. Mkopaji anayekiri deni na kuomba huruma tu, bila kuonesha sharti lililokiukwa, mara nyingi hushindwa.

Baada ya mauzo, fedha hulipa kodi na tozo za ardhi, gharama za mauzo na deni, na kinachobaki ni cha mwenye nyumba. Salio hilo ni haki yake hata kama mauzo hayakuwa na kasoro yoyote.